Kisu cha Kukunja, Inchi Tatu na Mpini wa Ami

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp Septemba 2024. Dakika moja na nusu, sauti ya mtu mwenye haraka, nyuma yake basi linanguruma: "Jamani, kuanzia Jumanne visu vyote vya kukunja ni marufuku hapa Uingereza, hata kile cha kumenyea chungwa. Askari akikukuta nacho, miaka minne ndani." Jioni hiyo Ami akanipigia simu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Hebu niambie, hiki kijisu changu nikitupe mtoni au nikifukie bustanini?"

Ami yangu alifanya kazi bandarini Kilindini kabla hajawafuata wanawe huku Sheffield, na kijisu hicho kimekaa kwenye mfuko wa kulia wa suruali yake tangu mimi sijaoa. Nikamwambia asitupe wala asifukie, anisubiri nije. Haya ninayoandika ni maelezo niliyompa siku hiyo, pamoja na mengine niliyojifunza kwa kukosea, maana nami ugonjwa huo ninao: nina visu kumi na viwili vya kukunja vilivyotengenezwa kwa mkono, na kati ya hivyo ni vitano tu ambavyo naweza kutoka navyo mfukoni bila kujitafutia kesi.

Tuanze na kilichopigwa marufuku Jumanne ile, tarehe 24. Visu vinavyoitwa vya "zombi" havina undugu na kisu cha mfukoni. Bapa lake linazidi inchi 8, yaani sentimita 20 na ushei, lina ncha kali, na juu yake pana madoido ya kutisha kama meno ya msumeno au matundu yaliyopangwa mstari. Kijisu cha Ami ukikilaza kando ya kimoja wapo kinaonekana kama kifaranga. Aliyetuma ujumbe sidhani alikusudia kudanganya. Alichanganya mambo ambayo sheria imeyatenga: kuwa na kitu nyumbani, kukibeba nje, na kukiuza.

Ndani ya mpini

Kisu cha kukunja ni kisu ambacho bapa lake linazunguka kwenye pini na kujificha ndani ya mpini. Nikisema bapa nina maana ya chuma chenyewe kinachokata, kuanzia kwenye pini hadi nchani. Wengi wanaishia hapo, kumbe ndani ya mpini kuna kitu cha tatu ambacho ndicho kinachoamua kila kitu, kuanzia bei mpaka kesi: kile kinacholizuia bapa lisijifunge lenyewe.

Katika visu vya kale, na katika vingi vinavyotengenezwa kwa mkono hadi leo, kazi hiyo inafanywa na springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Ni kipande cha chuma kilichopinda kidogo mno, kinachokandamiza kisigino cha bapa. Hakuna kinachofungwa. Fikiria mlango wa kabati la jikoni lenye bawaba za kisasa: ukiusukuma kidogo unarudi wenyewe mahali pake, ukiuvuta kwa nguvu unakubali kufunguka. Mlango ule haukufungwa kwa komeo. Umeshikwa tu. Kisu cha springi kiko hivyo: kinakaa wazi kwa sababu springi imekishika, na ukisukuma mgongo wa bapa kwa nguvu ya kutosha, kinajikunja.

Aina ya pili ina loki. Hapa pana komeo hasa: kibamba kinachoingia nyuma ya bapa, au pete inayozungushwa shingoni mwa kisu. Likishafunguka, bapa halirudi mpaka ubonyeze kitu, usogeze kitu, au uzungushe kitu. Ya tatu ni ile inayofunguka yenyewe kwa kubonyeza kitufe au kwa kutikisa mkono, na hiyo tutaipita haraka kwa sababu Uingereza iliikataza kutengenezwa na kuuzwa tangu 1959, na tangu Julai 2021 hata kuwa nayo kabatini nyumbani kwako ni kosa.

Mtu mwenye akili timamu angesema cha loki ndicho salama. Ni kweli, kwa vidole. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kina kovu la kisu cha springi kilichojikunja nilipokuwa nachimbua tundu kwenye mkanda kwa ncha yake. Kingekuwa na loki nisingeumia. Sasa shika hilo, kwa sababu sheria imelitazama kutoka upande wa pili kabisa.

Inchi tatu na kadi ya benki

Sheria inayobishaniwa ni ya mwaka 1988, ile ya haki ya jinai ya Uingereza na Wales, kifungu cha 139. (Scotland wana yao, lakini kipimo ni kile kile.) Inasema ni kosa kuwa na kitu chenye makali au ncha kali mahali pa umma bila sababu ya msingi. Halafu inafungua kidirisha kimoja: kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3 hakihusiki. Hicho huulizwi sababu. Kikiwa mfukoni mwako sokoni, kwenye basi, kwenye bustani, ni kama ufunguo wa nyumba.

Inchi 3 ni sentimita 7.62, na watu wanazipima kwa kila kitu isipokuwa rula. Kuna wanaoapa kwamba ni "upana wa kiganja". Kiganja cha nani? Ami amebeba magunia miaka ishirini, mimi nabofya kompyuta. Viganja vyetu havilingani hata kidogo. Kama rula huna, toa kadi ya benki. Urefu wake ni sentimita 8.56 popote ulipo duniani, kwa hiyo bapa linatakiwa liwe fupi kuliko kadi kwa karibu sentimita moja. Sheria inataja makali, yaani ile sehemu iliyonolewa, lakini mimi napima bapa zima kutoka mpini hadi nchani ili nisije nikabishana na askari barabarani kuhusu milimita mbili zisizonolewa.

Sasa kile chenye loki. Kwa masikio ya kawaida nacho ni "kisu cha kukunja", maana kinakunjika. Mahakama zikasema sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majaji waliamua kwamba kisu cha kukunja, kwa maana ya sheria hii, ni kile kinachoweza kukunjwa wakati wowote kwa kukikunja tu. Kikishahitaji hatua ya ziada ya kufungua loki, basi kikiwa wazi ni sawa na kisu cha jikoni. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo. Kwa hiyo kisu chenye loki, hata bapa lake likiwa fupi kama kidole gumba, kimetoka nje ya kile kidirisha, na ukikibeba lazima uwe na sababu. Kile kinacholinda vidole vyako ndicho kinachokupeleka kizimbani, na adhabu yake ya juu ni hiyo miaka minne iliyotajwa kwenye ujumbe. Aliyerekodi hilo alikuwa amelisikia vizuri.

Mfano mzuri ni Opinel, kile kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti ambacho utakikuta kwenye kapu la mandari la kila mtu. Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na visu vyake vinaitwa kwa namba kufuatana na ukubwa. Namba 8, kinachopendwa kuliko vyote, kina bapa la sentimita 8.5, yaani karibu kadi ya benki nzima. Juu yake, tangu 1955 kinakuja na pete ya chuma shingoni, ukiizungusha bapa linakazwa na haliwezi kujikunja. Nilikaa na Namba 8 mfukoni miaka miwili, nikikata nacho maembe kwenye bustani ya umma, bila kujua kwamba kwa kisu kimoja nimekosa mara mbili. Namba 6 ni kama sentimita 7, urefu wake unakubalika, lakini pete ipo. Namba 5 haina pete na ni kifupi zaidi; hicho hakina shida. Ukiviweka mezani vitatu hivyo vinafanana kama mtu na wadogo zake.

Hiyo "sababu ya msingi" nayo imezua maneno. Kwetu hili halihitaji mwanasheria. Mtu akipita asubuhi na panga begani kuelekea shamba, hakuna anayegeuka. Panga lile lile, mtu yule yule, saa nne usiku mlangoni mwa ukumbi wa harusi, watu watatafuta pa kukimbilia. Panga halikubadilika. Kinachoulizwa Uingereza ni hicho hicho: kwa nini unacho hapa, saa hizi? Fundi wa zulia aliye njiani kwenda kazini, mvuvi mwenye fimbo na chambo, Singasinga mwenye kirpani, kile kisu cha dini yake, Mskochi aliyevaa sketi ya kwao na kisu kwenye soksi, wote sheria inawatambua. Mzigo wa kueleza ni wako, askari halazimiki kukubashiria.

"Nakibeba nijilinde" ndilo jibu baya kuliko yote, na ndilo vijana wetu wengi wanalidhani ni jibu zuri. Ukishasema hivyo umekiri kwamba unacho kwa ajili ya kumchoma mtu, na kuna sheria nyingine ya 1953 inayokigeuza kitu chochote kuwa silaha kwa nia ya mwenye nacho. Hapo hata kijisu cha inchi mbili cha springi kimepoteza kinga yake. "Nilisahau kiko kwenye begi" peke yake halikusaidii sana. "Kiko ndani ya gari langu" pia hapana: gari lililo barabarani liko mahali pa umma. Na "nimekinunua dukani kihalali, nina risiti" ni sawa na kusema una risiti ya bia kwa hiyo unaweza kuinywa ukiendesha.

Ukivuka mpaka, hesabu inaanza upya. Ujerumani hawajali sana inchi tatu. Wanauliza kama kisu chenye loki kinafunguka kwa mkono mmoja, na kikiwa hivyo hukibebi bila sababu. Tangu Oktoba 2024 wameongeza makatazo kwenye sherehe za umma na treni za masafa marefu. New York walikuwa na sheria ya visu vya kutikisa iliyowakamata mafundi wengi wasio na hatia, wakaifuta 2019. Kenya na Tanzania zina sheria za adhabu zilizorithiwa enzi za Mwingereza, na humo kosa ni kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kipimo chake ni mwenendo na nia. Kwenye ndege usijadiliane na mtu, weka kwenye sanduku linaloenda chini. Niliwahi kubisha kwenye uwanja mmoja wa ndege, nikiwa na kijisu cha sentimita tano kwenye mkoba wa mkononi. Hoja zilikuwa zangu zote. Kijisu kilibaki kwao.

Maana ya "kwa mkono"

Sasa nije kwenye kinachonifurahisha, maana sheria nimeisoma kwa lazima.

Sheffield imekuwa mji wa visu kwa karne nyingi. Chama cha mafundi visu wa hapa kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 na bado kina ukumbi wake katikati ya mji. Humo mna kisu kimoja cha kichekesho, kisu cha Norfolk, chenye mabapa na vifaa 75 vinavyofunguka pande zote kama nungunungu. Kampuni ya Joseph Rodgers ilikitengeneza kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Hakuna mfuko wa kukibeba. Lakini visu vya kweli vya mji huu vilitoka kwa watu walioitwa, kwa lahaja ya hapa, mesta wadogo: fundi mmoja, au fundi na mwanafunzi wake, aliyekodi meza na sehemu ya nguvu ya mvuke kwenye jengo la watu wengi, akalipwa kwa dazani. Mmoja alifua, mwingine alisaga makali, wa tatu akaunganisha. Wasagaji walivuta vumbi la mawe na chuma, na waliosaga uma kwenye jiwe kavu walikufa wakiwa vijana kwa ugonjwa wa mapafu. Watu wanapoyasifia maisha ya mafundi wa zamani huwa nawakumbuka hao.

Wa mwisho aliyejulikana kila mahali alikuwa Stan Shaw. Aliingia kazini mwaka 1941 akiwa na miaka 14, akaendelea kutengeneza visu vya kukunja kwa zaidi ya miaka sabini, akamtengenezea hata Malkia Elizabeth, na akafariki 2021. Wapo wachache wanaoendelea, baadhi yao vijana, na foleni zao ni ndefu.

Nimekaa mara kadhaa kando ya meza ya mmoja wao. Anachukua bapa, springi, na vibamba viwili vyembamba vya shaba vinavyokaa ndani ya mpini. Anavishikanisha kwa pini za muda, bila kuzigonga. Anafungua bapa, anainua kisu kwenye taa, anafumba jicho moja. Kama mwanga unapita kati ya kisigino cha bapa na springi, hata unyuzi, anatoa pini, anapitisha tupa mara mbili, anarudisha, anainua tena. Kisha anaangalia mgongo: springi inatakiwa iwe sawa na vibamba bapa likiwa wazi, likiwa nusu, na likiwa limefungwa. Mahali patatu, chuma kimoja. Ukipunguza kisigino ili paelewane hapa, pale pameharibika. Nilihesabu mara kumi na nne kabla hajaridhika, na huo ulikuwa uunganishaji tu, mpini bado.

Matokeo yake yana jina kwa mafundi wa huko: mwendo na mlio. Mwendo ni jinsi bapa linavyotembea kwenye springi ukilifungua kwa ukucha, lisikwaruze wala lisilegee. Mlio ni sauti linapofika mwisho. Cha fundi kinasema "tak", kavu, mara moja, kama kete ya bao inayotua shimoni. Cha ovyo kinasema "chiki" au hakisemi kitu. Ukitaka kununua, zima muziki kwanza, kisikilize. Halafu kifungue ukishike bapa kwa vidole viwili ulisukume kushoto na kulia: lisicheze. Halafu kitazame mgongoni dhidi ya dirisha. Mambo matatu hayo yatakueleza zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Usikirudishe, hata hivyo, kwa sababu ya bapa lililopinda kidogo kwenye kisu chenye mabapa mawili. Fundi amelipinda makusudi ili mabapa yapishane ndani ya mpini mwembamba.

Je, "kwa mkono" maana yake ni kwamba mashine haikugusa? Mtu anayekuambia hivyo muulize maswali. Chapati za mama yetu ni za kusukuma kwa mkono, lakini unga ulisagwa na mashine, na hakuna anayelalamika. Visu vingi vizuri vya Sheffield vina mabapa yaliyokatwa kwa mashine ya kubana na kuunganishwa, kufinyangwa na kung'arishwa na fundi. Vipo vichache ambavyo mtu mmoja alifua kila kipande kwenye fuawe, navyo bei yake inapanda mamia ya pauni na kuendelea, wakati kisu cha kazi cha aina ya kwanza unakipata kwa makumi. Hakuna ubaya katika kimojawapo. Ubaya ni kulipa bei ya pili ukapewa cha kwanza.

Ulaghai mkubwa wa sasa ni chuma chenye mawimbi, kinachouzwa kwa jina la Damasko. Ni kweli kwamba ukifua pamoja tabaka za vyuma viwili na kuvichovya kwenye asidi unapata mchoro mzuri kama maji yanayotembea. Lakini mchoro haukati. Kinachokata ni aina ya chuma kilichotumika, jinsi kilivyotiwa moto na kupozwa, na unene wa makali. Wazee wa pwani walikuwa na neno feleji kwa chuma cha upanga kilicho bora, na sifa ya feleji ilikuwa kutokatika wala kupinda. Nilinunua "Damasko ya Sheffield" kwenye soko la mitumba la Jumapili, muhuri umepigwa vizuri kabisa. Kilishindwa na ganda la muwa.

Mihuri ya uongo ni hadithi ya zamani, kwa kweli. Karne ya 19 visu vya bei nafuu vya Kijerumani vilikuwa vinaingia sokoni vikiwa na jina la Sheffield, mafundi wa hapa wakapiga kelele, na sheria ya 1887 ikalazimisha bidhaa za kigeni zenye alama za namna hiyo zionyeshe zilikotoka. Ndivyo maneno "imetengenezwa Ujerumani" yalivyoanza, yakiwa ya kuaibisha. Wajerumani wakayageuza kuwa sifa.

Kuhusu kutu, chagua mwenyewe. Chuma cha pua kisichoshika kutu kiliibuka hapa hapa Sheffield mwaka 1913 kwa Harry Brearley, na kwa mtu anayekata samaki na ndimu ndicho kisichosumbua. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka kwenye kinoo, lakini kikikata embe bichi kinageuka buluu kama shingo ya njiwa, na embe lenyewe linaonja chuma mara mbili tatu za mwanzo. Ile buluu usiing'arishe. Inakilinda na kutu nyekundu, na mkusanyaji akiona kisu cha zamani kilichosuguliwa kikang'aa kama kijiko kipya hutikisa kichwa na kushusha bei. Futa, tia tone la mafuta kwenye pini, weka pakavu. Wala usikiache ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi huvuta unyevu.

Mambo ya mpini

Mipini ndiyo inayopandisha bei: mti, mfupa, pembe ya paa, lulu ya chaza. Na pembe za ndovu. Hapa historia inatugusa sisi. Karne ya 19 pembe zilizotoka bara la Afrika Mashariki zilishuka mabegani mwa wapagazi hadi pwani, zikapita Zanzibar, na sehemu kubwa ikaishia kwenye minada ya London. Mafundi visu wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Joseph Rodgers walikuwa na ghala zima la pembe, na picha zake zipo, watu wamesimama katikati ya pembe ndefu kuliko wao. Kisu cha zamani chenye mpini mweupe kinaweza kuwa kimewahi kuliona jua la Tabora kabla ya mvua ya Sheffield.

Ndiyo maana kukinunua leo si rahisi. Tangu Juni 2022 Uingereza inakataza kuuza au kununua vitu vyenye pembe za ndovu, isipokuwa kwa misamaha michache. Mmojawapo ni wa vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo, na mpini wa kijisu kwa kawaida unazidi hapo. Kubaki nacho ulichorithi hakukatazwi. Kukipeleka Mombasa ni jambo jingine kabisa: Kenya, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, kuwa na pembe bila kibali ni kosa zito.

Watu wanasema pembe unaijaribu kwa sindano ya moto: ikiingia ni plastiki, isipoingia ni ndovu. Hiyo inakuachia tundu na hujajua kitu, maana mfupa nao haupitishi. Chukua kioo cha kukuzia. Mfupa una vitone na vijistari vidogo vyeusi, njia za damu za mnyama aliyekuwa hai. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo. Mahali ilipokatwa kwa kukingama utaona mistari myembamba inayokatizana kama kimia cha uvuvi.

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua Ami. Nilipofika kwake alikwisha kusahau habari ya loki na inchi tatu. Mpini wa kijisu chake ni mweupe ulioiva kuelekea rangi ya siagi, alikinunua kwa baharia miaka mingi iliyopita, na siku zote alisema ni ndovu. Mwaka huo alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani, na alitaka kwenda nacho.

Nikakitoa kioo cha kukuzia. Akakishika mwenyewe, akasogea dirishani, akatazama kwa muda mrefu hadi chai ikapoa.

"Kuna vitone," akasema.

"Vingi?"

"Vimejaa."

"Basi ni ng'ombe, Ami."

Akakaa kimya. "Na nimewaambia watu wote wa geti la tatu ni ndovu."

Nikachukua kadi yake ya benki, nikailaza kando ya bapa. Lilikuwa fupi kwa zaidi ya upana wa kidole. Nikalifungua: mfuo wa kulifungulia kwa ukucha umelika, mgongo umenyooka, hakuna loki, halichezi. Nilipolifunga likasema "tak", lile lile la meza za Sheffield, na chini ya mpini, herufi zimefutika nusu, jina la mji huu huu tuliokaa.

"Kitaenda kwenye sanduku la chini," nikamwambia. "Si mkoba wa mkononi."

"Nimesikia. Na wale wa kwenye kundi, waambie habari za inchi tatu. Habari za ng'ombe ziache."